Nilivyoanguka kwa Makusudi Njia ya Kiplombe

Kuna watu hapa Eldoret ambao mpaka leo wakiniona nimeinama kufunga kamba za kiatu wananiuliza kama nasikia vibaya, halafu wanaangaliana na kucheka mpaka wanashika magoti, na mimi sina la kujitetea, kwa sababu aibu yenyewe niliitafuta mwenyewe, nikaipanga mwenyewe, nikailalia chali barabarani mchana kweupe. Kwa hivyo wacha nisimulie mimi mwenye mambo, maana wengine wakisimulia wanasema nilikuwa uchi (sikuwa uchi, nilikuwa na kaptura, na hayo ya kaptura tutayafikia).

Hii ilikuwa miaka michache baada ya ile vita kubwa kwisha. Mimi, Hezroni, nilikuwa kijana kutoka Maragoli, nimesoma misheni mpaka nikaweza kuandika barua ya Kiingereza bila kufuta, na nilikuwa nimepata kazi ya ukarani kwa mzungu mmoja aliyekuja kuchunguza tabia. Si tabia ya ng'ombe wala ya ngano, tabia ya watu. Alikuwa ametoka chuo kikuu huko kwao, mrefu, mwembamba, magoti mekundu, na kila kitu alichokiona alikiulizia "kwa nini", mpaka watu wakamwita Bwana Kwa Nini, na yeye akidhani ni jina la heshima akaliandika kwenye mlango wa ofisi.

Bwana Kwa Nini alitaka kujua jambo moja tu: mtu akimwona mgeni asiyemjua ameanguka, atamsaidia au atampita? Settler mmoja, mzungu mwenye shamba, alimwazima ghala tupu nje kidogo ya mji, na humo ndani tukaanza kazi. Vibarua wa shamba waliitwa mmoja mmoja, wakaambiwa wasimame hapo wangoje, halafu mimi natokea mlango wa nyuma na kikapu cha mahindi, najikwaa, naanguka, mahindi yanatapakaa sakafuni. Bwana alikaa kwenye kona na saa mkononi na daftari kwenye goti, akipima itachukua muda gani kibarua ainame anisaidie.

Wiki mbili nilianguka, jamani. Viwiko vilitoka ngozi. Na hakuna hata mtu mmoja aliyeinama. Wa kwanza alivua kofia akasimama wima kama askari. Wa pili alisema "Jambo Bwana" akaangalia paa. Wa tatu alirudi nyuma hatua tatu na kuinua mikono yote miwili juu, ili ionekane wazi kwamba hakugusa kitu. Mwingine, mzee wa watu, aliniangalia nikiokota peke yangu, machozi yakamlenga, lakini hakusogea. Jioni moja Bwana akafunga daftari.

"Hezroni, hapana mtu moja? Kwa nini? Mimi taandika hii ripoti: watu ya hapa hapana saidia mgeni."

Hiyo iliniuma. Mimi nilifika Eldoret kwa treni sijui mtu yeyote, na mama mmoja mwuza uji pale stesheni alininywesha bakuli mbili na kunionyesha mahali pa kulala bila hata kuniuliza kabila. Sasa watu hao hao waandikwe kwenye kitabu, kipelekwe ng'ambo, isomwe kwamba hawana moyo? Nikakosa usingizi kwa hasira, na asubuhi nikamwendea.

"Bwana, makosa si ya watu. Makosa ni ya hii ghala."

"Ghala? Kwa nini?"

"Mtu akisimama mbele ya mzungu mwenye saa hana tabia, Bwana, ana adabu tu. Na hayo mahindi ni ya settler. Akiinama kuyagusa ataulizwa ameiba mangapi."

Bwana akatoa miwani, akaivaa tena, halafu akanishika mkono akautikisa mpaka bega likauma. Alikuwa na moyo mzuri yule mzungu, ila akishapata wazo lilikuwa linamkimbiza. Akaamua kwamba kama ghala si dunia, basi tutaifanya ghala iwe dunia. Ikaletwa mikokoteni miwili ya udongo ikamwagwa sakafuni. Yakaletwa majani, yakaletwa matawi ya miti ya miwati yakasimamishwa ukutani. Mpishi wake, Kiprono, mtu wa hapa hapa Uasin Gishu, mpole, uso wa huzuni, aliambiwa alete mbuzi, kwa sababu barabara ya kweli ina mbuzi. Na Bwana mwenyewe asionekane, akajikunja ndani ya pipa tupu lenye tundu la kuchungulia.

Kibarua wa kwanza kuingia kwenye hiyo dunia yetu mpya alisimama mlangoni, akaangalia majani, akaangalia matawi, akamwangalia mbuzi ambaye wakati huo alikuwa anatafuna fomu za majibu ya Jumanne. Mimi nikaanguka. Yeye hata hakuniona. Alikuwa anaangalia pipa.

"Karani," akaninong'oneza, "ndani ya pipa iko mzungu. Mwenyewe anajua tunamwona?"

Tulicheka mimi na Kiprono mpaka tukakaa chini, na pipa likacheka pia. Na ni hapo, nikiwa na furaha ile ya mtu anayejiona mjanja kuliko mwajiri wake, nilipofungua mdomo na kusema maneno ambayo ningelipa chochote kuyarudisha.

"Bwana, tuache kuleta barabara ndani ya ghala. Twende barabarani. Jumamosi watu wanatoka sokoni, tuchague njia ya Kiplombe, mtu aanguke hapo ajifanye amezimia, wewe ujifiche tuone."

"Nzuri! Nani taanguka?"

Kiprono alikuwa tayari, maskini. Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. Lakini misheni niliwahi kuigiza Lazaro, nikalala kaburini bila kupepesa jicho mpaka mke wa mchungaji akaingiwa na wasiwasi, na sifa zile zilikuwa hazijanitoka kichwani.

"Nitaanguka mimi," nikasema.

Sasa kabla sijalala barabarani lazima mjue jambo moja. Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Dorika, binti wa Mzee Yohana, fundi wa reli na mzee wa kanisa letu. Tulikuwa tumeshatangazwa kanisani Jumapili mbili, imebaki moja, maana utaratibu wetu ulikuwa mtangazwe mara tatu na kila mara mchungaji aulize kama kuna mwenye kizuizi. Nilimpenda Dorika kiasi cha kushindwa kula mbele yake. Mama yangu alifariki nikiwa bado darasani misheni, nyumbani sikuwa na mtu wa kunisubiri, na Dorika ndiye alianza kunifanya nijione na mimi nina kwetu. Ndoa ile ikivunjika, nilikuwa sijui nitaanzia wapi.

Na kwetu, mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali chumba kimoja, hawaangaliani usoni. Ukikutana naye njiani wewe unaruka pembeni, unaingia kwenye mahindi, unampa mgongo mpaka apite, na yeye anajifunika kichwa kwa leso. Ukristo ulituondolea mambo mengi lakini hilo haukuligusa, hata mchungaji wetu mwenyewe alikuwa anaruka mitaro akimwona wake. Kwa hivyo Mama Dorika, pamoja na kunikubali, hakuwa amewahi kuniona uso vizuri. Alinijua kwa mgongo. Mimi nami nilimjua kwa sauti, kwa sababu sauti yake ilitoka laini za reli, kwenye nyumba za wafanyakazi, ikavuka mto Sosiani bila taabu. Na kila mtu alijua kwamba Jumamosi Mama Dorika anafua nguo, hatoki. (Hilo ndilo nililolitegemea. Sikujiuliza kama wiki hiyo, wiki ambayo wazee wa ukoo wangu wanakuja kwake kula Jumapili, labda atahitaji kutoka kununua wimbi ya uji.)

Basi Jumamosi ikafika. Bwana alitaka kila kitu kiwe cha kweli. Nilikuwa nimekuja na suruali yangu ya ukarani, tai na viatu vya ngozi, akatikisa kichwa: hapana, mtu wa barabarani hapana vaa tai. Nikavuliwa vyote. Nikapewa kaptura kuukuu ya Kiprono, ambayo mbele ilikuwa nzima lakini nyuma ilikuwa na tundu la kupitisha kiazi. Nikapakwa matope usoni na majivu kwenye nywele.

"Tapiga filimbi kama imekwisha," Bwana akaniambia. "Mbele ya filimbi, hapana fungua macho. Ukifungua, kazi yote ya leo imeharibika."

Nikaapa. Yeye akaingia kwenye miwati na majani yamechomekwa kwenye kofia, mimi nikalala.

Mwanzo ulikuwa mtamu, siwafichi. Walifika vijana wawili wakasimama.

"Amelewa huyu."

"Hajalewa, hapana harufu."

"Tumbebe?"

"Umbebe askari waseme ni wewe umempiga?"

Lakini hawakuondoka! Mmoja alivua kofia yake akanifunika uso jua lisiniunguze. Moyoni nikasema, andika hiyo, Bwana, andika na herufi kubwa. Akaja mzee mmoja wa Kinandi, Mzee arap Sang, nilimtambua kwa kikohozi, naye akachuchumaa akanishika mshipa wa shingo, akasema niko hai ila roho imetoka kidogo kutembea. Watu wakaongezeka. Nilikuwa nalala pale nikijiona mtu wa maana kabisa, nikihesabu sauti, nikiwaza ripoti itakavyobadilika, na ndipo nikasikia sauti ikitoka mbali upande wa Kiplombe, sauti ambayo haikuhitaji kusogea karibu ili isikike.

"Nyinyi wanaume mmesimama hapo mnangoja nini? Mtu anakufa mnamwangalia tu?"

"Hajakufa, Mama, anapumua."

"Kama anapumua mbona hamjamwinua? Mama Selina, nishikie hii wimbi."

Ilikuwa ile sauti ya kuvuka mto, Mama Dorika mwenyewe. Nikasema labda atapita. Hakupita. Alikaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu, akatupa kofia pembeni, akakiinua kichwa changu kwa mikono yake miwili, akakiweka mapajani.

Hebu fikirini mahali nilipo. Nikifungua macho, namwangalia mama mkwe usoni kutoka mapajani pake, jambo ambalo kwetu sijui hata kama lina jina. Nisipofungua, naendelea kulala mapajani pake kama mtoto, na kila dakika inayopita kosa linazidi kuwa kubwa. Nikisema "Mama, niache", atasikia sauti ya mwanaume mzima aliyekuwa anadanganya. Nikikimbia bila filimbi, Bwana anaandika kwamba watu wa hapa hawana moyo. Na isitoshe nimelalia lile tundu la kaptura na nikiinuka tu dunia italiona. Nikaomba siafu waje. Hawakuja.

Mama Dorika alilowesha ncha ya leso akaanza kunipangusa matope kwenye paji la uso. Nikakaza kope mpaka zikauma.

"Mama Dorika, utachelewa," Mama Selina, jirani yake, akasema. "Kesho una wageni wa mkwe."

"Wageni watakula. Huyu naye ni mtoto wa mtu. Angalia alivyokonda." Akanipangusa pua. (Pua, jamani!) "Mkwe wangu mimi namshukuru Mungu, ni karani, mtu safi. Huwezi kumkuta amelala njiani hivi."

"Lakini mbona huyu miguu yake ni laini? Hii si miguu ya kibarua."

"Ndiyo maana ameanguka. Hajazoea."

Halafu akaweka mkono wake kwenye kifua changu na kuniombea. Hakupaza sauti. Alisema, Mungu, huyu ana mama mahali, na mama huyo hajui mtoto wake yuko chini. Basi mimi niko hapa kwa niaba yake, mpe nguvu asimame arudi kwake. Na mimi niliyelala pale kwa uongo, nikajikuta nalia. Haikuwa ya maigizo. Machozi yalitoka yenyewe yakapita masikioni, kwa sababu tangu mama yangu afe hakuna mtu aliyekuwa amenishika kichwa. Mama Dorika akayapangusa akasema, "Ona, anasikia. Pole, mwanangu, lia."

Ningekaa hapo mpaka jioni, nawaambia kweli, kama Mzee arap Sang hangeleta dawa.

"Mimi niko na ugoro," akasema. "Hiyo inarudisha mtu hata kama amefika mbali."

Kabla sijajiandaa, pua zote mbili zilikuwa zimejazwa. Nilizuia. Nilizuia kwa nguvu za Lazaro na za babu zangu wote. Kifua kikavimba, masikio yakapiga kengele, halafu nikapiga chafya ambayo ilinikalisha wima, ikarusha ugoro wote kwenye uso wa mama mkwe wangu, na macho yakafunguka. Tukaangaliana. Yeye na mimi. Uso kwa uso, karibu kuliko nilivyowahi kumwangalia Dorika.

"Amefufuka!" watu wakashangilia.

"Asante Yesu," Mama Dorika akasema, akipangusa macho, na hakunitambua hata kidogo, angenitambuaje? "Mwanangu, unaitwa nani? Kwenu ni wapi?"

Na hapo ningeweza kusema jina lolote la Biblia nikaenda zangu. Biblia ina majina mengi. Lakini adabu ya miaka yote ilinishinda: mwili wangu ulishaona mama mkwe, ukaruka. Niliruka nikampa mgongo na kukata mbio kuelekea miwati, nikapiga teke kikapu cha wimbi kikamwagika chote, na nyuma yangu nikasikia sauti ile ikipanda.

"Yesu wangu! Mgongo huo! Mama Selina, huo ni mgongo wa mkwe!"

Kwa bahati mbaya, pamoja na mgongo aliona na mengine, kwa sababu tundu lilikuwa pale pale. Akajitupia leso kichwani. Mtu mwingine, alipoona wimbi imemwagika na mtu anakimbia, akapiga kelele "Mwizi!", na wale wale walionihurumia wakaanza kunifukuza. Nikaingia kwenye miwati nikajibanza nyuma ya Bwana Kwa Nini, na watu wote wakaja wakasimama ghafla mbele ya mzungu mwenye majani kichwani, saa mkononi, na uso umejaa furaha mpaka amesahau kwamba ana filimbi shingoni.

Mnajua walifanya nini? Walivua kofia wakasimama wima.

"Hapana, hapana!" Bwana akalia. "Hezroni, waambie wasisimame hivyo! Uliza yule mama: kwa nini yeye nasaidia?"

"Bwana, siwezi."

"Kwa nini?"

"Yule ni mama mkwe wangu."

Bwana akaangalia angani kama mtu aliyepewa zawadi mbili, akasema ndiyo, nzuri sana, uliza. Sasa mimi niulizeje? Nikimgeukia Mama Dorika namwangalia usoni. Nikimpa mgongo namwonyesha tundu. Mwishowe nilikaa chini nyuma ya mti, nikaukumbatia, nikaanza kutafsiri nikiuambia ule mti.

"Bwana anauliza kwa nini ulimsaidia huyo… huyo mtu."

Halafu kutoka chini ya leso, "Mama Selina, mwambie huyo aliye nyuma ya mti amwambie bwana wake kwamba nilimsaidia kwa sababu alikuwa ameanguka."

"Anasema ni kwa sababu nilikuwa nimeanguka."

"Lakini kwa nini?" Bwana akauliza.

"Mwambie hakuna kingine. Na mwambie huyo wa nyuma ya mti kwamba kesho mchungaji atauliza swali kanisani, na mimi nitakuwepo."

Jumapili nilikwenda kanisani nimevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine. Habari ilikuwa imefika kabla yangu, maana nilipoingia upande wa wanaume watu waliniachia benchi zima. Dorika alikuwa upande wa pili, anaangalia mikono yake. Hakuinua uso, na hiyo ndiyo iliniumiza kuliko yote. Mchungaji akatutangaza mara ya tatu, akauliza kama kuna mwenye kizuizi, na Mama Dorika akasimama.

"Mimi sijui kama ni kizuizi," akasema. "Nataka wazee waniambie. Jana nimemlaza mkwe wangu mapajani, nikampangusa pua."

Kanisa lilitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Mzee mmoja akasimama akasema haiwezekani, desturi imevunjika, ndoa hakuna. Bibi mmoja akasema mbaya zaidi, kama amempangusa pua na kumwita mwanangu basi ameshakuwa mama yake, na Dorika ni dada, mtu ataoaje dada yake? Mwingine akasema pua si kunyonyesha. Wakabishana mpaka mchungaji akagonga meza, na Mzee Yohana, baba mkwe wangu, akasimama akanigeukia taratibu.

"Kijana, nitakuuliza moja tu. Kule kuanguka kwako kulikuwa kwa kweli au kwa uongo?"

Nilielewa mtego ulivyo. Nikisema ni kwa kweli, nimemgusa mama mkwe kweli kweli. Nikisema ni kwa uongo, basi halikuwa jambo, lakini nimewadanganya wamama wa kanisa wakaniombea, na mwongo hapewi binti ya mzee wa kanisa. Nikamwangalia Dorika. Safari hii alikuwa ameinua uso, ananingoja.

"Kwa uongo, Mzee," nikasema. "Nilidanganya. Nilitaka ijulikane kwamba watu wetu wana moyo, nikawatega kama panya. Naomba mnisamehe."

"Basi ni mwongo," Mzee Yohana akasema, na akaanza kukaa.

"Bado," akasema Mama Dorika, na leso ikiwa imemfunika mpaka kidevuni. "Mchungaji, mwulize na hili. Nilipomwombea alilia. Na hayo machozi yalikuwa ya mzungu?"

Nilisema tu, "Hapana. Hayo yalikuwa yangu. Nilimkumbuka mama."

Mama Dorika akasema kwa ile sauti yake ya kuvuka mto, "Siku zote mkwe anakuja nyumbani ameshika adabu, sijui ndani yake kuna nini. Nilikuwa naogopa, wacha niseme kweli. Jana nimemwona vile yuko wakati anafikiri sijui ni yeye. Analia kama mtu. Huyo hatampiga mtoto wangu. Mimi sina kizuizi, atoe kondoo ya kuondoa ile aibu, na anirudishie wimbi yangu."

Watu walicheka, wakapiga makofi, mchungaji akacheka mpaka akapoteza ukurasa, na Dorika akajifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika, na mimi nilikuwa najua ni kicheko. Kondoo nilimvuta mwenyewe kutoka sokoni, nikampitisha mbele ya laini zote za reli, watu wamejipanga kuniuliza kama leo nimekula vizuri au nitazimia. Tulioana baada ya mavuno, na mpaka Mama Dorika anaondoka duniani, miaka mingi baadaye, sikumwona uso tena. Sikuhitaji, nilikuwa naukumbuka.

Ila kuna jambo nimejifunza, na mlichukue bure. Ukitaka kuwajua watu jinsi walivyo, usiwaweke ndani ya ghala, nenda walipo. Lakini ukienda walipo ujue na wewe upo hapo, na watu wako wapo, na hakuna pipa la kujifichia. Niliapa sitaanguka tena kwa ajili ya mtu yeyote, na kiapo chenyewe kilijaribiwa mapema sana, kwa sababu Jumatatu asubuhi Bwana Kwa Nini alinikuta ofisini, anang'aa, daftari limejaa.

"Hezroni, ilikuwa nzuri kabisa! Lakini mara moja hapana tosha. Sayansi nataka tufanye tena, mara thelathini, hivyo hivyo."

"Bwana," nikamwambia, "mimi nina mama mkwe mmoja tu."